Konzi ya Mchele

Hotuba iliyotolewa mbele ya wazazi, walimu na vijana katika ukumbi wa skuli, Unguja

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mwalimu mkuu, sheha wetu, wajumbe wa kamati ya skuli, wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa madirishani kwa sababu viti vimekwisha: ahsanteni kwa kuja na jua hili.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya "uongozi". Nikamwendea mwalimu mkuu nikamwambia, mwalimu, neno hili limechoka. Kila ukumbi linatolewa, linapigiwa makofi, linarudishwa kabatini. Niruhusu nizungumze juu ya mtu mmoja tu. Akauliza, nani? Nikasema Kamaraj. Akanyamaza kidogo, akasema, "Wa Mwembeladu?" La, mwalimu. Wa Madras.

Miaka michache nyuma nilimsindikiza kaka yangu Chennai, India, mji ambao zamani ndio ulioitwa Madras, kwa matibabu ya moyo. Najua humu ndani wapo waliopita njia hiyo, wenyewe au na wagonjwa wao. Basi mnajua: asubuhi hospitali, mchana hospitali, jioni mgonjwa kalala na wewe huna pa kwenda. Mimi nilikuwa nakwenda pwani. Wanayo pwani ndefu inaitwa Marina, na barabara inayopita kando yake inaitwa Kamarajar Salai. Hapo barabarani pana sanamu ya bwana mmoja mrefu, kafunga shuka, na watoto wawili ubavuni pake. Nikamuuliza dereva wa bajaji, mtu wa makamo, huyu nani? Akazima injini kabisa. Akanijibu kwa Kiingereza cha kuokoteza, kama changu: "Alitupa chakula. Tukasoma." Nikamuuliza, wewe umesoma mpaka wapi? Darasa la nane, akasema, akacheka, akawasha bajaji.

Jibu lile lilinikaa. Barabara nyingi duniani zina majina ya wakubwa, lakini ukimuuliza dereva huyu alifanya nini, mara nyingi atakwambia "alikuwa rais", basi. Huyu aliniambia kitu kilichoingia tumboni. Nikaanza kumtafuta.

Kwanza cheo chake. Watu wa bara ingenibidi niwaeleze kwa urefu, lakini nyinyi hamna haja, kwa sababu sisi Zanzibar tulikuwa na Waziri Kiongozi mpaka mwaka 2010. India nayo imegawika majimbo, na kila jimbo lina Waziri Kiongozi wake. Tofauti ni kuwa kule yeye ndiye mwenye usukani. Gavana yupo, lakini zaidi ni wa heshima na wa kutia saini. Kamaraj alikuwa Waziri Kiongozi wa jimbo la Madras, ambalo tangu 1969 linaitwa Tamil Nadu, kuanzia Aprili 1954 hadi Oktoba 1963. Miaka tisa na nusu.

Alizaliwa tarehe 15 Julai 1903 katika mji wa Virudhunagar, mji mkavu wa wachuuzi, kusini kabisa kule. Wazazi walimpa jina la mungu wao wa nyumbani, Kamatchi, na mama yake akawa anamwita Raja, yaani mfalme. Majina mawili yakashonwa pamoja. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa nazi. Kabila lao, au tuseme tabaka lao, ni Nadar, na kazi ya asili ya Nadar ilikuwa ukwezi: kupanda mivumo na kugema tembo. Hapa kwetu mkwezi ni mtu wa kawaida, tunamwita atuangushie madafu na tunakaa naye kula. Kule, kwa mpango wa matabaka, mkwezi alikuwa mtu wa chini ambaye hata mlango wa hekalu alifungiwa. Wazee wa Kamaraj walikatazwa kuingia mahekaluni. Mwaka 1899, miaka minne kabla hajazaliwa, watu waliuana Sivakasi, mji jirani, kwa ugomvi huo huo.

Sasa sikilizeni Nadar wa Virudhunagar walifanya nini, maana hiki ndicho kilichonifanya nije hapa leo. Walipoona skuli za wenye vyeo hazitawapokea watoto wao vizuri, walijenga yao wenyewe. Kila duka lilikatwa kidogo katika biashara yake. Na kila nyumba, mama anapopima mchele wa kupika, kabla hajautia chunguni, anachota konzi moja anaiweka kando. Wenyewe wanaiita pidi arisi, konzi ya mchele. Anapita mtu nyumba kwa nyumba na kapu, anakusanya zile konzi, zinauzwa, na kwa fedha ile mwalimu analipwa. Skuli ikaitwa Kshatriya Vidyasala. Mtoto Kamaraj alisoma pale.

Alisoma, lakini hakumaliza. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka sita hivi. Vito vya mama ndivyo vilivyoishikilia nyumba, na mtoto alipofika kiasi cha miaka 12 akatolewa skuli, akawekwa duka la nguo la mjomba wake. Tunawajua watoto hawa. Nimefundisha miaka 34, na kila mwaka nilikuwa naita rejista nafika jina ambalo halijibu, halafu wiki ya pili namkuta mwenyewe Darajani kashika mizani.

Lakini duka lile lilikuwa njiani, na barabarani yalipita maandamano ya kudai uhuru. Alipofika miaka 16 alijiunga na chama cha Congress. Mjomba akajaribu kumhamishia duka jingine mji wa mbali, Thiruvananthapuram, ili asahau siasa. Dawa ikazidisha maradhi: kule alikuta vuguvugu la Vaikom, watu wakidai tabaka la chini liruhusiwe kupita njia za hekaluni, akaingia na hilo pia.

Mwaka 1930, Gandhi alipoandamana kwenda kuchota chumvi kinyume cha sheria ya Waingereza, watu wa Madras nao walikwenda Vedaranyam, pwani yao, kuchota yao. Kamaraj alikamatwa, akahukumiwa kifungo cha miaka miwili. Huo ulikuwa mwanzo. Ukijumlisha vifungo vyake vyote vinafika siku 3,000 hivi, zaidi ya miaka minane. Gerezani ndiko alikosoma. Mtu aliyeacha skuli na miaka 12 alitoka jela anasoma magazeti ya Kiingereza na kuyaelewa, ingawa kukizungumza hakukipenda mpaka mwisho.

Akiwa jela mwaka 1941 walimchagua mwenyekiti wa manispaa ya mji wake. Alipotoka akaenda kwenye ukumbi wa manispaa, akakaa kwenye kiti, akajiuzulu hapo hapo. Alisema haifai mtu kushika cheo ambacho hawezi kukitendea haki yake. Nyinyi mnaogombania uenyekiti wa maskani hilo mliweke akilini. [Kicheko ukumbini.]

Nisiwachoshe na siasa za ndani za Congress. Itoshe kusema alikuwa mfuasi wa mzungumzaji mkubwa aitwaye Sathyamurti, akawa mwenyekiti wa chama wa jimbo tangu 1940, na mwalimu wake akafa 1943 baada ya kuugua gerezani. Uhuru ulipokuja 1947, Kamaraj alikwenda kupandisha bendera nyumbani kwa marehemu. Na siku alipopata uwaziri kiongozi, alikwenda kwanza kumsalimia mjane wake.

Aliupataje? Mtu aliyekuwa na kiti kabla yake alikuwa Rajagopalachari, mtu msomi sana, aliyewahi kuwa Gavana Mkuu wa India nzima. Mwaka 1953 mzee huyu alileta mpango wa elimu ya msingi: mtoto asome kwa saa chache, na muda uliobaki akajifunze kazi ya baba yake. Kwenye karatasi unapendeza. Fedha hakuna, walimu haba, na mtoto anapata ujuzi. Lakini watu wakafanya hesabu yao: basi mtoto wa dobi akafue, mtoto wa mkwezi akagongee vigingi vya mvumo, na mtoto wa karani? Yeye baba yake anajua kalamu, atajifunza kalamu. Jimbo likawaka moto. Rajagopalachari akajiuzulu, na wabunge wa chama wakamchagua yule mtoto wa muuza nazi.

Mara ya kwanza niliposoma habari hii nilidhani atakuja na visasi. Mambo mawili yakanishangaza. La kwanza, baraza lake lilikuwa na watu wanane tu, yeye akiwemo. Wanane, kwa jimbo zima! Na ndani yake akamtia Subramaniam aliyeshindana naye kwenye kura ile ile, na Bhaktavatsalam aliyependekeza jina la Subramaniam. La pili, wizara ya mahekalu, ile inayosimamia mali na mipango ya mahekalu ya Kihindu, alimpa Parameswaran, mtu wa lile tabaka ambalo watu walikuwa hawaligusi. Yaani kuanzia siku ile, kila hekalu lililomfungia mlango baba yake lilipaswa kumpokea mtoto kwa heshima za kiwaziri. Hakupiga kelele. Aliandika jina kwenye orodha, basi.

Nije kwenye neno lake. Kamaraj alikuwa mtu wa maneno machache. Mtu akija na shida, akieleza, akilia, Kamaraj alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu: "Aagattum, paarkalaam." Maana yake ni kama "haya, tutaangalia." Najua mnachowaza. Sisi hapa "tutaangalia" ya mwanasiasa tunaijua. Ukiambiwa "tutaangalia" ofisini, vaa viatu uende zako. Kwa Kamaraj ilikuwa kinyume, na ndiyo maana watu wa kule wanaitaja mpaka leo kwa mapenzi. Alikuwa hasemi "ndiyo" kwa jambo ambalo hajajua linawezekana vipi, lakini akisema paarkalaam anaondoka nalo, analiuliza huku na kule, na baada ya muda mtu anaona fundi anapima kiwanja.

Mpango wa nusu siku akaufuta mwaka ule ule wa 1954. Skuli elfu kadhaa zilizokuwa zimefungwa zikafunguliwa, na nyingine mpya zikaongezwa kwa maelfu. Mafungu ya fedha aliyatafuta kwa ubishi na watu wa hazina. Hatua kwa hatua ada ikaondolewa mpaka darasa la 11. Na kitu ambacho mimi mwalimu mstaafu nakivulia kofia: mwaka 1955 akaweka pensheni, akiba na bima kwa walimu, hata wale wa skuli za binafsi zinazosaidiwa na serikali. Kabla ya hapo mwalimu wa skuli kama ile ya konzi ya mchele alikuwa akizeeka anaondoka na mkongojo wake.

Lakini skuli zikafunguliwa, na watoto wengine hawakuja. Kuna kisa kinachosimuliwa kila kona ya Tamil Nadu, na kila msimuliaji ana kijiji chake. Mimi nakitoa kama nilivyokipokea. Gari ya Waziri Kiongozi ilisimama kwenye kivuko cha reli, treni inasubiriwa. Kamaraj akashuka anyooshe miguu. Akamuona mtoto anachunga. Akamuuliza, mbona huko skuli? Mtoto akamtazama mtu mrefu yule aliyevaa nyeupe, hakujua ni nani, akamjibu: nikienda skuli, wewe utanipa chakula? Ukinipa chakula nitasoma.

Mtoto yule hakukosea hesabu. Akichunga anapata uji wake. Akienda skuli hana uji. Tumezoea kuwaambia wazazi "elimu ni ufunguo wa maisha" na mzazi anaitikia, kwa sababu ni mtu wa adabu. Lakini jioni lazima kitu kiwe chunguni.

Wapo waliokuwa wameshajaribu. Mji wa Madras peke yake ulilisha watoto wa skuli chache tangu miaka ya 1920. Kamaraj alitaka jimbo zima. Wataalamu wa fedha wakamwambia hapana, haiwezekani, jimbo litafilisika. Akaanza na mkurugenzi wake wa elimu, Sundaravadivelu, mtu aliyeamini jambo hili kama yeye, na wakaanza kwa michango: kijiji hiki kinatoa mchele, kile kinatoa dengu, mwenye bustani analeta mboga, mwenye sufuria kubwa anaazima sufuria. Ile konzi ya mchele ya Virudhunagar, sasa imekuwa ya jimbo. Mwaka 1956 serikali ikaingia rasmi, na mpango ukazinduliwa Ettayapuram, mji aliozaliwa mshairi Bharati. Husimuliwa kwamba siku hiyo alisema kama itabidi, yuko tayari kuomba mlango kwa mlango kwa ajili ya chakula hiki. Waziri Kiongozi, na bakuli mkononi.

Chakula chenyewe kilikuwa wali na sambar, mchuzi wa dengu wenye ukwaju. Si kitu kikubwa. Mimi nilikila mara nyingi kwenye mgahawa nyuma ya hospitali, kwenye jani la mgomba, na nakwambieni kinashiba. Mwaka 1961 shirika la CARE la Marekani likaongeza chakula cha msaada. Mwaka 1982 Waziri Kiongozi mwingine, M. G. Ramachandran, ambaye kabla ya siasa alikuwa nyota wa filamu, akaupanua sana. Na mwezi Novemba 2001 Mahakama Kuu kabisa ya India ikaamuru kila jimbo lipike chakula kwa watoto wa skuli za msingi za serikali. Leo wanakula watoto zaidi ya milioni 100. Nilisema dereva wa bajaji alinijibu kwa maneno machache. Haya ndiyo yaliyokuwa ndani yake.

Akafanya na mengine. Mabwawa ya umwagiliaji, Vaigai, Amaravathi, Sathanur. Kiwanda cha mabehewa ya reli cha Perambur, makaa ya Neyveli, viwanja vya viwanda vya Guindy. Haya mtayasoma vitabuni wenyewe.

Niwaelezeni ya nyumbani kwake, maana hapo mimi nilibaki na swali ambalo mpaka leo sijalimaliza. Kamaraj hakuoa. Chennai aliishi nyumba ya kupanga, mtaa wa Thirumalai Pillai. Leo ni makumbusho, nilikwenda, vyumba vya kawaida. Mama yake alibaki Virudhunagar, na mtoto alimpelekea rupia 120 kwa mwezi. Inasimuliwa kuwa mama aliomba ziongezwe zifike 150, kwa sababu mama wa Waziri Kiongozi anapata wageni, na mgeni lazima apewe chochote. Akakataa. Tena manispaa ikavuta bomba la maji mpaka ndani kwa bibi, badala ya lile la mtaa ambalo majirani wote walikuwa wakichota. Kamaraj aliposikia, akaamuru likatwe. Mama akarudi kwenye foleni na ndoo.

Nilimsomea mke wangu habari hii. Akasema: "Huyo hana huruma na mamake." Wanaume wa maskani wakasema: "Huyo ndiye kiongozi." Mimi naona wote wana haki. Lakini kitu kimoja najua. Virudhunagar hapakuwa na mtu mwingine aliyeweza kusema, mimi bomba langu nalitaka ndani kwa sababu fulani naye kapewa.

Ukweli wote usemwe. Hakuwa malaika. Mwaka 1957 kulitokea mapigano ya matabaka sehemu za Mudukulathur baada ya kuuawa kijana wa tabaka la chini, Immanuel Sekaran. Polisi wa serikali yake walipiga risasi watu watano wakafa katika kijiji cha Keezhathooval, na wapo waliomlaumu Kamaraj kwa mkono ule mzito mpaka walipoingia kaburini. Na ndani ya chama alikuwa fundi wa mizengwe kama wenzake. Mtu hakai mwenyekiti wa chama miaka kumi na kitu kwa kusali tu.

Mwaka 1963 akafanya jambo ambalo hapa kwetu likifanyika tutadhani mtu kaugua. Congress ilikuwa imeanza kunenepa kwa madaraka na kushindwa chaguzi ndogo. Akamwambia Nehru, waziri mkuu wa India: sisi wakubwa tuache vyeo tukafanye kazi ya chama. Na yeye akawa wa mwanzo. Tarehe 2 Oktoba 1963, siku ya kuzaliwa Gandhi, akaacha uwaziri kiongozi akiwa na nguvu zake zote. Mawaziri viongozi sita waliachia, na mawaziri sita wa serikali kuu, akiwemo Lal Bahadur Shastri na Morarji Desai. Uliitwa Mpango wa Kamaraj. Wapo waliosema ni njia ya kuwapunguza wakubwa wenye kusumbua, na sioni kuwa wamekosea sana. Lakini kiti chake alikiachia kweli.

Akawa rais wa chama cha Congress nchi nzima. Nehru akafa Mei 1964. Kamaraj akazunguka, akasikiliza kila mbunge, akamsimamisha Shastri awe waziri mkuu. Shastri akafa Tashkent Januari 1966. Kamaraj akazunguka tena, akamsimamisha Indira Gandhi, naye akamshinda Desai kwa kura 355 kwa 169. Wakamwambia, mbona usikae wewe? Akajibu, sijui Kihindi vizuri wala Kiingereza, nitaongozaje nchi hii? Watu wa kaskazini walimwita "Gandhi mweusi". Sijui kama wote walisema kwa heshima.

Hesabu moja ilimpotea hapo. Wazee wa chama walidhani binti wa Nehru atakuwa mtulivu, watamwelekeza. Miaka mitatu baadaye chama kilipasuka vipande viwili, Kamaraj akawa kipande kimoja na Indira kingine, na kipande cha Kamaraj ndicho kilichokwisha.

Lakini kabla ya hilo lilikuja la 1967, na hili ndilo linalouma. Mchele ulikuwa haba. Vijana walikuwa bado na hasira kwa sababu serikali kuu ilitaka Kihindi kiwe lugha ya nchi, na wao wana Kitamil chao. Mwaka 1965 waliandamana na wengine wakapigwa risasi. Chama cha upinzani, DMK, cha waandishi na wacheza filamu, kikasimama na ahadi moja rahisi: padi tatu za mchele kwa rupia moja. Padi ni kipimo chao, kama sisi tulivyokuwa na kibaba na pishi. Kamaraj alikuwa ameumia katika ajali ya gari, akasema atashinda hata akiwa amelala kitandani. Watu wa Virudhunagar, mji wake, mji wa konzi ya mchele, wakampa ushindi kijana kiongozi wa wanafunzi, Srinivasan. Tofauti ilikuwa kura 1,285.

Wanafunzi! Watoto aliowajengea skuli ndio walioandika mabango ya kumuondoa. Wapo wanaolisimulia hili kama utovu wa shukrani. Mimi nikiwa mwalimu naliona jingine. Ukimfundisha mtoto kusoma humchagulii atasoma nini, na kuhesabu kura pia ni hesabu. Inasemekana Annadurai, kiongozi wa DMK aliyeshinda, alipopata habari kuwa Kamaraj kaanguka alisikitika, akawakataza wafuasi wake wasilisherehekee lile.

Alirudi bungeni 1969 kwa uchaguzi mdogo wa Nagercoil. Juni 1975 Indira akatangaza hali ya hatari, wapinzani wakajazwa magerezani, na Kamaraj, aliyemuweka, akabaki nyumbani na huzuni. Miezi mitatu baadaye moyo ulisimama, tarehe 2 Oktoba, siku ile ile ya Gandhi, siku ile ile aliyoachia cheo. Alikuwa na miaka 72. Huelezwa mara nyingi kuwa walipofungua vitu vyake walikuta rupia 130 hivi, mashati machache, mashuka machache, jozi mbili za makubadhi na vitabu. Mwaka uliofuata serikali ikampa Bharat Ratna, nishani kubwa kuliko zote. Haikumkuta.

Sasa vijana wa madirishani mnajiuliza, mzee huyu anatuhusu nini? Mwaka 1959, Kamaraj akiwa Waziri Kiongozi, ilianzishwa Madras taasisi kubwa ya teknolojia, IIT Madras, moja katika taasisi za IIT za India, kwa msaada wa Wajerumani, na serikali ya jimbo ndiyo iliyotoa ardhi kwenye msitu wa Guindy. Taasisi hiyo ndiyo iliyofungua tawi lake Bweleo mwaka 2023, tawi la kwanza la taasisi hizo za IIT nje ya India. Miongoni mwenu yupo atakayesoma pale, inshallah, na akiulizwa ardhi ya kwanza ya chuo chake ilitoka kwa nani, awe na jibu.

Nimalizie na la kwetu, kwa sababu mwalimu mkuu ananiangalia na saa. Kamati ya skuli imeamua kujaribu uji wa saa nne kwa darasa la kwanza mpaka la tatu. Sufuria mbili zimepatikana, za harusi, mwenyewe katoa. Kuni zinatoka kwa wajumbe. Bado mchele wa uji, sukari, na mtu wa kupika siku za Jumatatu. Daftari liko pale mlangoni kwa mwalimu wa kike aliyevaa buibui la bluu. Haiulizwi kilo ngapi. Ikiwa konzi, andika konzi. Mimi nimeshaandika jina langu, lakini kalamu ile wino unasita, itikiseni kidogo kwanza.